UZI: Dago la redio na magari Pemba, tupige Vumawimbi au wapi?

Waya Mrefu (mwenye uzi)

Assalaam alaykum jamaa zangu, wa redio na wa magari.

Safari hii tunatoka pamoja, sie wa redio za ridhaa, tunaozungumza na dunia kwa redio na antena zetu wenyewe, na wale wenzetu ambao barabara ikiwa nzuri wanaona wameibiwa. Hesabu ya jana usiku: watu 22, humo kina mama 6 na watoto 4, gari 5 na pikipiki 2. Tunalala usiku 2, kutoka Ijumaa baada ya sala mpaka Jumapili mchana. Mwezi tumeshakubaliana ni Agosti na kisiwa ni Pemba, hilo naomba lisifunguliwe tena (najua litafunguliwa). Kilichobaki ni mahali pa kupiga dago, yaani kambi.

Mie chaguo langu Vumawimbi. Kwanza jina. Mtu wa redio anaacha vipi kwenda mahali panapoitwa Vumawimbi? Pili, ufukwe ni mrefu, upo upande wa mashariki wa rasi ya Kigomasha, usiku husikii ila bahari. Tatu, ili ufike unapita ndani ya Msitu wa Ngezi, kwa hiyo wa magari nao wanapata chao njiani.

Mwenye hoja aitoe sasa hivi. Sio tufike Konde gari zimejaa ndio watu waanze kukunja nyuso.

---

Escudo Nyekundu

Naunga mkono mia kwa mia. Mchanga wa pale maji yakikupwa ni kama lami. Tuchague siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, saa 4 asubuhi bahari iko mbali kabisa, unashusha upepo wa tairi mpaka 16 unajiachia mwanzo wa ufukwe mpaka mwisho. Mie nina friji ya gari, vinywaji baridi juu yangu.

---

Bint Makangale

Kaka Escudo, taratibu.

Mie nimezaliwa Makangale, hiyo lami yako ndiyo njia ya watu. Alfajiri wavuvi wanaburura madau, watoto wanaokota kombe, na mkulima anayetoka upande mmoja kwenda mwengine anapita hapo hapo pwani kwa sababu ndipo pepesi kutembea. Halafu kuna kasa. Anapanda usiku kutaga, mayai yanakaa chini ya mchanga siku 50 mpaka 60, na juu huoni kitu. Gari ikipita unashindilia mchanga juu yao. Hata yakianguliwa, vitoto vinadumbukia kwenye alama za tairi, vinazifuata alama badala ya kufuata maji, mpaka kunguru na kaa wanawamaliza. Mtu wa Unguja anakuja siku 2 anaondoka, sie ndio tunaobaki na lawama za kuwaonesha njia.

La pili, Agosti ni kusi. Vumawimbi imetazama mashariki, upepo wote wa kusi unaingia uso kwa uso. Mahema yenu hayo ya dukani nitayaokotea Ngezi.

Kama mnataka Kigomasha, njooni upande wa pili, wa magharibi. Kuna Verani, kuna Panga ya Watoro. Kusi ikivuma juu, kule maji yametulia kama ya ndani ya mtungi. Ufukwe wake mdogo kuliko Vumawimbi, sikatai, lakini nyuma kuna minazi na kivuli, na jua mnaliangalia likizama baharini.

---

Escudo Nyekundu

Nimekoma dada. La kasa sikulijua. Ila hilo la mahema kuokotewa Ngezi limenikaa.

---

Mtu wa Darajani

Nafungua lililokatazwa kufunguliwa. Pemba kwa nini? Piga hesabu ya kupakia gari 5 kwenye meli kwenda na kurudi, piga na mafuta, hapo mtu hajala. Unguja tuna Muyuni, tuna Kizimkazi, tuna Kisiwa cha Uzi. Uzi wa kwenda Uzi, ndugu zangu, hata kichwa cha habari kingekuwa kimejiandika chenyewe. Unatoka Unguja Ukuu unaingia kwenye mikoko, unafika. Na wa magari watapata tope wanalolilia.

---

Fundi Betri

Uzi mie nilikwenda, tena na redio, miaka hiyo tulipokuwa tunapita kwenye ile njia ya mawe katikati ya mikoko ambayo maji yakijaa hamna njia tena. Tulikuwa watatu ndani ya gari moja ndogo. Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi tukasema tumalize kwanza mazungumzo na jamaa mmoja wa Ureno aliyekuwa anasikika vizuri kweli, dakika 10 tu. Siku ile mwezi mpevu. Tunafika kwenye mikoko saa 9 alasiri, njia tunaiona bado, maji yako kwenye vifundo vya miguu. Mwenzetu akasema tupite. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye jiwe na kapu lake la chaza hata hakuinuka, akasema tu, "Hayo yanakuja, hayaendi." Tukazima gari tukakaa naye. Saa 10 pale tungekuwa tunaogelea. Tumeondoka saa 2 usiku.

Basi kwa watu 22 wenye watoto, kila mmoja na saa yake ya kutaka kurudi, kama njia ya Uzi bado inafuata maji mie simo.

---

Mzee wa Masafa Mafupi

Vijana hamjambo. Mtu wa Darajani umenikumbusha mbali. Ukitaka mahali penye historia ya redio Unguja nenda Tunguu. Wamarekani walipotaka kurusha watu angani kwa ule mpango wao wa Mercury walihitaji vituo vya kusikiliza chombo kikipita duniani kote, na kimoja wakakiweka Zanzibar, pale Tunguu. John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, sisi tulikuwemo kwenye mnyororo wa kumsikiliza. Mapinduzi yakaja Januari 1964, mwaka huo huo kituo kikafungwa. Wakati ule palikuwa kimya. Kimya cha redio nakusudia, maana kwa siasa hapakuwa kimya hata kidogo.

Na Dole je, penye mitambo ya kurushia matangazo? Mie barua za wasikilizaji wa Sauti ya Tanzania Zanzibar nimezisoma kwa macho yangu, watu wa Japani na Sweden wanaeleza wamesikia taarabu kwenye kilohezi 11735, wanaomba kadi ya uthibitisho.

Lakini leo hapo Tunguu umeweka redio unasikia nini? Unasikia taa za balbu za bei rahisi, chaja za simu, inveta za sola, pampu za maji, na vikombe vya nguzo za umeme vilivyojaa chumvi vinavyotatarika kama bisi. Nyumbani kwangu mjini mshale wa kelele kwenye mita 40 (masafa tunayaita kwa urefu wa wimbi) haushuki chini ya S8 usiku, na S1 ndiyo kimya. Mara moja tu nimeusikia mji umenyamaza, ni pale waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa gizani miezi 3, Desemba 2009 mpaka Machi 2010. Wiki ya mwanzo nilikuwa nasikia Amerika ya Kusini kama wako Mlandege. Wiki ya pili kila jirani ameshanunua jenereta, ikawa basi.

Pemba bado iko kimya. Nawaunga mkono wa Pemba, gharama tuchangiane.

---

Mtu wa Darajani

Mzee wangu umeshasema, sina la kuongeza. Nalipa.

---

Hewani Kila Siku

Niongeze la kitaalamu, maana naona watu wanashindana kwa mandhari.

Pwani ya bahari ya chumvi si uzuri wa macho tu kwetu. Antena ya kusimama wima ukiisimamisha maji yanapoanza, bahari inakuwa kama kioo chini yake, na wimbi linatoka likiwa limelala chini karibu na upeo wa macho. Hilo ndilo linalokwenda mbali. Kwa masafa ya mita 20 unahitaji fimbo ya mita 5 na waya mbili za kando, basi. Mtu wa bara juu ya udongo mkavu na mlingoti wa mita 15 anaweza asikupate.

Sasa tazama ramani. Kutoka Kigomasha Ulaya iko kaskazini ikielemea magharibi, Amerika iko kaskazini magharibi. Ukikaa Vumawimbi maji yako yapo mashariki, utawahudumia vizuri Wajapani, lakini kwenda Ulaya unapita juu ya rasi nzima. Ukikaa Verani una mkondo wa Pemba wote mbele yako, makumi ya kilomita za chumvi kabla hujagusa bara. Kwa hiyo Bint Makangale anaposema magharibi kwa ajili ya upepo, redio nayo inasema magharibi.

Na mwenye VHF, redio ya masafa ya karibu: Tanga mjini ni kama kilomita 70 kutoka pale, juu ya maji matupu. Mtu aliye Amani, Usambara Mashariki, ukiweka mlingoti wa mita 10 tunaonana naye kwa hesabu. Ripita, mtambo wa kupokea na kurusha tena, ya nini.

Jengine la kuwafurahisha wanaokusanya miraba na visiwa waliozungumza navyo. Mstari wa latitudo ya 5 kusini unakata kisiwa juu kidogo ya mji wa Wete. Kwenye ramani ya miraba ya watu wa redio, chini yake ni mraba wa KI94, juu yake KI95. Konde, Ngezi, Kigomasha yote ni KI95. Visiwa vyetu kwenye orodha ya visiwa vya dunia ni AF-032, tukiita tu watakuja kama nzi kwenye embe.

---

Mgeni wa Redio

Samahani wakubwa, mie ni wa magari, sijui kitu. Nikija naruhusiwa kuongea kwenye hizo redio? Na hizi redio za mkononi nilizonunua kwa ajili ya msafara?

---

Hewani Kila Siku

Kusikiliza sikiliza mpaka ulale. Kurusha ni mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na leseni hiyo hiyo inatumika Zanzibar maana mawasiliano ni jambo la Muungano. Herufi zetu za kujitambulisha hewani zinaanza na 5H, na visiwani tumezoea 5H1. Hizo za mkononi usizibonyeze kabla hujajua ziko masafa gani, nyingi zinatoka kiwandani zimefunguliwa kila kitu, unaweza kumwingilia nahodha wa meli na wewe unaulizia tu gari ya nyuma iko wapi. Zilete, tutazitazama.

---

Mgeni wa Redio

Ahsante. Swali la mwisho, la kijinga. Kwa nini tusilale ndani ya Ngezi kwenyewe? Miti mirefu kama ile, si ndio milingoti ya bure?

---

Bint Makangale

Si la kijinga, kila mwaka kuna anayeuliza. Ngezi ni msitu wa hifadhi, kuna ofisi ya misitu pale mlangoni, huingii na kamba zako ukaanza kurusha kwenye miti. Ile mipapindi, miti ya jamii ya mnazi, huikuti bara. Na popo. Popo wetu wa Pemba ni mkubwa, mbawa zake akizikunjua zinapita mita 1 na nusu, akitoka jioni kutafuta matunda hatarajii kukuta waya wako njiani. Piteni, lipeni kiingilio, tembeeni na muongozaji, ikiwezekana rudini usiku msikilize bundi. Kulala laleni pwani.

---

Hewani Kila Siku

Na msitu mbichi unakula mawimbi. Majani yana maji.

---

Umm Said

Nyote mmeongea, na hamna hata mmoja aliyesema choo.

Kina mama 6 na watoto 4. Najua nyie mnajua kwenda "nyuma ya minazi". Sie hatwendi nyuma ya minazi. Nataka vyoo 2 vya shimo vilivyozungushiwa makuti, cha wanawake mbali na antena zenu, sio mtu yupo huko na mwengine anafuata waya kwa tochi. Nataka maji ya kunywa yaliyohesabiwa. Visima vya karibu na pwani vingi vina munyo, vya kuoshea vyombo sawa, vya chai hapana. Kwa watu 22 siku 3 hesabuni dumu la lita 20 kwa watu wanne kwa siku, mtaona gari moja imekwisha hapo.

Na mtu asipige hema chini ya mnazi. Naona mnaandika kivuli, kivuli. Nazi haikohoi kabla ya kuanguka.

Hospitali iliyo karibu mmeuliza? Wete ipo, Micheweni ipo. Gari moja isifungwe waya wala kamba yoyote, ikae imeelekea njiani usiku kucha, na dereva wake ajulikane.

---

Waya Mrefu

Umm Said nimesoma kila neno, nimeandika. La gari ya kukaa tayari tunalichukua kama lilivyo.

Nasimamisha uzi kidogo. Wiki ijayo tunakwenda kukagua, mie na Escudo Nyekundu, na kaka yake Bint Makangale atatupokea Konde. Tukirudi naandika.

---

Waya Mrefu

Tumerudi jana. Kaeni vizuri, refu.

Tumeanzia kwa sheha. Mtu mpole, ana miwani imefungwa kwa uzi wa nyavu. Nikamweleza, nikamwonesha leseni, akaisoma mbele na nyuma, halafu akauliza matatu tu. Mnalala wangapi, mnaondoka lini, na hiyo waya inapeleka habari wapi? Nikamjibu la tatu kwa kumwashia redio ndogo ya betri pale pale barazani. Akasikia Mwitaliano anahesabu namba. Akacheka. Akasema wapelekeeni taarifa na KMKM, wale wa kuzuia magendo, kabla hamjaja, msisubiri boti yao iwaone usiku mna taa na milingoti pwani, halafu ndio muanze kujieleza. Barua mbili, yake na ya KMKM. Nimeshaziandika.

Vumawimbi tumekwenda kwa ajili ya nafsi yangu. Nzuri, sitosema uongo. Lakini nimekaa nusu saa, chai imeingia mchanga, kofia ya Escudo imekwenda. Bint Makangale, hongera, na usinikumbushe.

Tukazunguka upande wa magharibi. Kuna kishamba cha minazi baina ya njia na pwani, mwenyewe ni mzee wa hapo Makangale, ameridhia kwa makubaliano ambayo hayahitaji kuandikwa hapa. Sehemu ya kaskazini ya kishamba minazi imekufa, pamebaki uwanda wa majani mafupi unaotosha mahema 9 bila nazi juu ya kichwa. Kutoka hapo mpaka maji ni hatua 60. Nyumba ya kwanza yenye umeme nimeihesabu, iko hatua 700 nyuma.

Nikataka kupandisha dipoli, antena ya waya, ya masafa ya mita 40 baina ya minazi miwili hai. Mita 20 za waya, katikati inaning'inia. Akaitwa mkwezi, kijana wa miaka 20 hivi, akatia kitanzi cha kamba miguuni, akaniuliza, "Madafu au nazi kavu?" Nikamwambia wala, nataka unipandishie hii kamba, uifunge chini ya makuti. Akaitazama kamba, akanitazama mie, akaitazama tena kamba. "Basi nikishuka na madafu mawili si kosa?" Akapanda na ncha ya kamba meno yake yameiuma, nusu dakika yuko juu. Kamba yangu ya nailoni ilikuwa inateleza kwenye gome, akaniomba kamba ya usumba, akafunga hiyo kwanza na nailoni juu yake. Nimepanda antena miaka 11 sijawahi kuona fundo kama lile. Bei yake ni ya mnazi mmoja kwa mnazi mmoja, sawa na kuangua.

Sasa nipo pwani na redio, mita 40, jua linaelekea kuzama, nategemea S1. Napata S6. Kelele ya ajabu, inakuja dakika 2, inakata, inakuja tena. Nikazima simu. Nikachomoa chaja ya sola. Nikatembea na redio ndogo ya mkononi huku na huku kama mtu anayetafuta pete. Hamna. Nimeshaanza kuilaumu ile nyumba ya hatua 700. Mara kelele ikafa kabisa, nikasikia mtu wa Madagaska kama yuko nyuma ya bega langu. Nikaanza kumwita. Na hapo hapo nasikia ukelele kutoka njiani, "Haya, moja, mbili..."

Hadithi ya upande wa pili aisimulie mwenyewe.

---

Escudo Nyekundu

Nilijua itanifika.

Ile njia ya kuingilia kishambani ina mchanga mlaini kama unga wa sembe, mita 30 hivi, palipochimbwa na magari ya ng'ombe. Nikaona aibu kushusha upepo kwa mita 30. Nikaingia na upepo 32. Gari ikalala na tumbo. Nikatia makuti chini ya tairi, ikayatafuna ikayatema. Nikatia makumbi, vile vile. Akaja bwana mmoja na gari ya ng'ombe amepakia mbao, akawafungua ng'ombe wawili, akafunga mnyororo, kisha akazunguka nyuma ya gari yangu akafungua mlango. Akasema, "Hichi kisanduku kitoke kwanza." Friji. Nikachomoa waya tukaishusha wawili.

Kumbe ndio dakika ile Waya Mrefu alipompata mtu wa Madagaska.

Ng'ombe wakavuta mara moja tu. Wala hawakutoka jasho.

---

Hewani Kila Siku

Friji ya gari! Kikompresa chake na kile kibodi cha umeme ndani. Inawaka dakika 2 inapumzika. Waya Mrefu umenifurahisha wiki nzima.

---

Mzee wa Masafa Mafupi

Na mie nikalaumu nguzo za umeme miaka yote hii. Nakwenda kuzima friji ya mke wangu dakika 5, nitawaletea habari.

---

Umm Said

Mzee, usiguse friji ya mtu.

---

Fundi Betri

Mahali pameshapatikana, tuzungumze tarehe, maana naona bado watu wanataja bamvua. Wa redio hatutaki bamvua. Bamvua maji yetu yanapanda na kushuka kama mita 4. Kwenye ufukwe uliolala, antena uliyoisimamisha majini saa 10 jioni, saa 4 usiku iko jangwani na bahari iko kule. Utakesha unahamisha fimbo na kebo. Tunataka maji mafu, yanacheza mita 1 na kidogo tu, unasimamisha antena mara moja unaisahau.

Bamvua tulilitaka kwa ajili ya gari kukimbia pwani, na hilo Bint Makangale ameshalifuta. Kwa hiyo hakuna anayelihitaji. Tazameni tarehe ya mwezi wa Kiislamu, msihangaike na majedwali. Mwezi mosi na mwezi 15 ni bamvua, mwezi 8 na mwezi 22 ni mafu, ongeza siku moja au mbili maji yawahi kutulia. Chagueni Ijumaa iliyo karibu na hapo.

---

Waya Mrefu

Imepita. Ijumaa ya karibu na mwezi 22, mwezi unachomoza usiku wa manane, kwa hiyo na giza la nyota tutalipata.

Wa magari msione mmenyimwa. Kaka yake Bint Makangale ametuonesha njia ya mashamba ya kwenda mnara wa taa wa Ras Kigomasha, matuta, mizizi, na kipande cha mawe ambacho mie nilishuka nikatembea. Jumamosi asubuhi ni yenu. Mtashusha upepo, na pampu ya kurudishia ije.

Jambo la daftari. Mara iliyopita mwenzetu mmoja aliandika mawasiliano yote kwa saa zetu. Saa 2 usiku akaandika 2. Mtu wa Ujerumani anatafuta kwenye daftari lake saa 2 ya kimataifa, hakuna kitu, na kweli ilikuwa 17. Kadi 40 zilirudi. Nitaleta saa ya ukutani iliyotegeshwa saa za kimataifa, itatundikwa mnazini, na asiyejua kuisoma aniulize mie. Asitoe 6 kichwani.

Nguvu: betri 2 za 100 Ah, redio ya wati 100 inakula kama ampea 20 ukibonyeza. Usiku tutapunguza. Jenereta hamna.

---

Bint Makangale

Mkwezi anauliza mnahitaji minazi mingapi, ajiandae. Na mwenye ng'ombe anauliza kama yule wa kisanduku anakuja tena.

---

Escudo Nyekundu

Anakuja, na upepo 16 tangu Konde. Friji naiacha nyumbani. Barafu ipo huko?

---

Bint Makangale

Konde ipo. Njoo na pesa ndogo ndogo, chenji hawana.